Nguvu ya Injini Ipangwe Kabla ya Kununuliwa

JIONI yo yote katika mabaraza yetu, Unguja na Pemba, huwakuti vijana mbali na simu. Huizunguka moja wakatazama magari ya Kimarekani yaliyotobolewa boneti, na juu ya tundu hilo umechomoza mtambo unaong'aa. Gari hunguruma, magurudumu ya nyuma hutoa moshi, na vijana hushangilia. Wazee waliokaa upande wa pili wa baraza hutikisa vichwa na kusema kwamba dunia imekwisha. Sisi tunaona kuwa pande zote mbili zinakosea, kwani zote zinautazama moshi, wala hakuna anayeitazama kazi iliyotangulia moshi huo.

Ni juu ya kazi hiyo tunakusudia kusema leo. Mtambo ule huitwa supachaja, na kazi yake ni kusukuma hewa ndani ya injini. Kuinunua ni shughuli ya siku moja kwa mwenye fedha. Kuitayarishia injini, gari na barabara vitakavyoihimili ni shughuli ya miezi, na hapo ndipo anapojulikana fundi na anapojulikana mharibifu. Msimamo wetu ni kwamba nguvu haiongezwi mahali pamoja. Ukiiongeza kwenye injini, umeiongeza pia kwenye giaboksi, kwenye difu, kwenye breki na kwenye roho za watu walio njiani. Asiyekuwa tayari kupanga yote hayo, bora asiongeze kitu.

Huko kwao magari haya huitwa magari ya misuli. Kwa kawaida ni gari la abiria la kiasi, lisilo la anasa, lililotiwa injini kubwa ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Wengi huhesabu mwanzo wake katika mwaka 1964, pale Pontiac ilipotoa gari lililoitwa GTO, lenye injini ya inchi 389 za ujazo, yaani karibu lita 6.4, iliyotangazwa kuwa na nguvu farasi 325. Kampuni nyingine zikafuata mkondo, na kwa miaka michache vijana wa Marekani wakauziwa nguvu ambazo breki na matairi ya magari hayo hayakulingana nazo. Kisha mambo yakageuka. Bima zikapanda. Sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka 1970. General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini zake kuanzia magari ya 1971, ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo au isiyokuwa nayo. Na mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, foleni zikajipanga mbele ya vituo vya petroli.

Hata hivyo, magari hayo hayakufa. Yalirithiwa na kufufuliwa katika vibanda vya nyuma ya nyumba, na mpaka leo wapo Wamarekani wanaotumia akiba ya miaka kuliunda upya gari la ujana wao, wakalitia supachaja na kuliendesha barabarani. Kiwanda cha Dodge nacho kilirudi huko huko: kwa mwaka wa 2015 kilitoa Challenger iitwayo Hellcat, yenye injini ya lita 6.2 na supachaja iliyofungwa kiwandani, ikitoa nguvu farasi 707. Uundaji wa gari hilo ulisimamishwa mwishoni mwa 2023. Lakini mwenye kununua gari la namna hiyo hupewa pamoja na nguvu hizo breki, giaboksi na mfumo wa kupoza uliopangwa na wahandisi. Anayejiundia mwenyewe hana budi kuwa mhandisi, mkaguzi na mhasibu wa nafsi yake.

Mtambo wenyewe ni wa zamani kuliko motokaa. Ndugu wawili, Philander na Francis Roots, wenye kiwanda cha kufuma sufu katika mji wa Connersville, jimbo la Indiana, walikuwa wakitafuta gurudumu bora la maji. Kilichotoka mikononi mwao kilifaa zaidi kusukuma hewa kuliko kuendeshwa na maji, na mwaka 1860 wakapata hataza. Miaka mingi baadaye, mwaka 1938, General Motors ilitoa injini za dizeli za mipigo miwili, ambazo haziwezi hata kuvuta pumzi bila ya kupulizwa. Kila moja ikafungwa mtambo wa aina ya Roots. Iliyokuwa na silinda sita, kila silinda ikiwa na inchi 71 za ujazo, iliitwa 6-71. Injini hizo zilisukuma mashua za kuteremshia askari ufukweni katika Vita Vikuu vya Pili. Vita vilipokwisha, mafundi wa California waliving'oa vipulizia hivyo vya dizeli na kuvipandisha juu ya injini za petroli. Kwa hiyo kile kitu kinachong'aa ambacho vijana wetu wanakishangilia, asili yake ni chombo cha kazi.

Sasa tueleze namna kinavyofanya kazi, maana bila ya hilo mpango hauna msingi. Hewa ina uzito. Sisi watu wa visiwani tunaishi kwenye sakafu ya bahari ya hewa, na katika usawa wa pwani hewa hiyo hutukandamiza kwa ratili 14.7 katika kila inchi ya mraba. Injini ya kawaida hujazwa na mkandamizo huo tu. Chukua injini ya Chevrolet ya inchi 350 za ujazo, yaani lita 5.7, ambayo ni maarufu mno kwa mafundi wa Marekani. Injini hii huzijaza silinda zake mara moja katika kila mizunguko miwili. Basi ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kwa hesabu ya kitabuni, inameza lita 17,100 za hewa kwa dakika moja. Supachaja ikiongeza mkandamizo wa ratili 7, hewa inayolazimishwa kuingia huongezeka kwa karibu nusu. Hewa zaidi huruhusu petroli zaidi, na petroli zaidi huleta nguvu zaidi.

Lakini si nusu yote inayofika kwenye magurudumu. Supachaja huzungushwa kwa mkanda unaotoka kwenye krenki ya injini hiyo hiyo, kwa hiyo sehemu ya nguvu huliwa na mtambo wenyewe. Tena hewa ikikandamizwa hupata moto: iliyoingia ikiwa na nyuzi 30 za joto huweza kutoka ikiwa na nyuzi 80 na kupita, na hewa ya moto ni nyepesi. Mwenye kupanga hujua tangu mwanzo kwamba kila neema ina ushuru wake, akautia ushuru huo katika hesabu.

Swali la kwanza katika mpango, basi, halihusu ukubwa wa mtambo. Linauliza: gari hili ni la nini? Gari la barabarani husimama penye taa, huenda sokoni, hukwama katika msongamano mchana wa jua kali. Sehemu kubwa ya maisha yake injini huzunguka kati ya mara 1,500 na 3,500 kwa dakika. Mtambo wa aina ya Roots husukuma kiasi kile kile cha hewa katika kila mzunguko, kwa hiyo msaada wake huhisika tangu chini. Ule wa aina ya feni huongeza mkandamizo kadiri mwendo unavyopanda, ukawa mpole chini na mkali juu. Ule wa skrubu mbili, uliotokana na kazi ya mhandisi wa Kiswidi, Alf Lysholm, huikandamiza hewa ndani yake wenyewe na kuipasha moto kidogo zaidi ya inavyostahili, lakini pungufu ya Roots. Hakuna ulio bora kwa kila mtu. Kuna unaolingana na kazi na usiolingana. Kupanga ni kuchagua, na kuchagua ni kuacha vingine.

Swali la pili ni petroli. Si ile ya mashindano inayouzwa kwa debe, bali ile inayopatikana katika kituo cha karibu siku ya Jumatatu asubuhi. Petroli ndiyo inayoweka mpaka wa mkandamizo. Inapasa iungue kama moto unaopita katika nyasi kavu, ukianzia kwenye plagi na kusogea hadi ukutani mwa silinda. Joto na mgandamizo vikizidi, sehemu iliyobaki haingojei moto uifikie. Hulipuka kwa mara moja. Dereva husikia mgongo wa chuma, mfano wa changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Na kama supachaja inapiga mluzi juu ya boneti, huenda asisikie lo lote mpaka pistoni iwe imekwisha kupasuka.

Mafundi wana kipimo cha haraka cha kujua walipo. Hugawanya mkandamizo unaoongezwa kwa 14.7, wakajumlisha moja, wakazidisha kwa mgandamizo wa asili wa injini. Injini yenye mgandamizo wa 8.5 kwa 1, ikiongezwa ratili 6, huwa kama yenye 12 kwa 1. Wengi wao huona kwamba hapo ndipo ukingoni kwa petroli ya kituoni. Injini yenye 10.25 kwa 1, kiwango kilichosifiwa sana katika magari ya 1969, ikiongezwa ratili zile zile 6 hupita 14 kwa 1, na huko ni kuitafutia kifo. Kipimo hiki hakisemi kila kitu, lakini kinamzuia mtu asiingie gizani. Na kina fundisho moja la kupendeza: zile injini za baada ya 1971 zilizodharauliwa kwa kupunguzwa mgandamizo, ndizo zilizo karibu zaidi na kuwa tayari kwa supachaja. Kilichoitwa udhaifu kilikuwa nafasi.

Tumetaja nafasi, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie tueleze kitu kidogo kuliko vyote katika kazi hii nzima. Pistoni huzungukwa na ringi za chuma zinazozuia moto usipenye kwenda chini. Ringi si duara kamili. Imekatwa mahali pamoja, na ncha zake mbili huachiwa uwazi, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka. Katika silinda yenye upana wa inchi 4, kama ile ya Chevrolet 350, fundi wa injini ya kawaida huacha kiasi cha inchi 0.016. Kwa injini yenye supachaja, ambayo moto wake ni mkubwa, uwazi huo hupanuliwa hadi kiasi cha inchi 0.024, kwa kufuata vipimo vya mtengenezaji wa ringi. Tofauti ni unene wa karatasi mbili hivi. Asiyeiacha, injini yake itawaka vizuri, itanguruma vizuri, na atapigiwa makofi. Siku atakayokanyaga mafuta mpaka mwisho katika mlima mrefu, ncha zile zitakutana, ringi haitakuwa na pa kwenda, nayo itaupasua ukingo wa pistoni. Fedha zote zilizotumika juu ya boneti zitakuwa zimepotezwa na karatasi mbili ambazo hakuna mtazamaji angeziona.

Baada ya hapo mpango hushuka ngazi kwa ngazi. Pistoni za kumimina huvunjika zikigongwa, kwa hiyo huwekwa za kufuliwa. Kamshafti huchaguliwa ile isiyoacha vali za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, isije hewa iliyosukumwa kwa gharama ikapita moja kwa moja na kutokea kwenye ekzosi. Wakati wa plagi kutoa cheche hurudishwa nyuma. Wengi huanza kwa kiasi cha digrii moja kwa kila ratili iliyoongezwa, kisha wakapima. Rejeta hukuzwa.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Injini ya namna hii, kwa kila nguvu farasi moja, hutaka kiasi cha ratili 0.6 za petroli kwa saa. Anayetaka nguvu farasi 500 ahesabu basi ratili 300, ambazo ni kilo 136, au zaidi ya lita 180 kwa saa. Ni kweli hakuna dereva wa barabarani anayekanyaga mpaka mwisho kwa saa nzima. Lakini hata kwa sekunde kumi, pampu, mabomba na kabureta sharti viweze kuleta kwa kadiri hiyo. Pampu ya zamani iliyotosha farasi 300 itatosha mpaka farasi 300. Kutoka hapo hewa huendelea kuongezeka na petroli haiongezeki, mchanganyiko hukauka, joto hupanda, na pistoni hutoboka. Injini iliyonyimwa chakula huku ikilazimishwa kupumua haina njia ya kulalamika ila kuvunjika.

Tuseme yote hayo yametimizwa. Injini ni nzima, nayo inatoa nguvu maradufu ya ile iliyotoka nayo kiwandani. Hapo ndipo wengi huona kazi imekwisha, na hapo ndipo hatari ya watu wengine inapoanza. Klachi iliyopangiwa nguvu za zamani itateleza. Propela na difu ya zamani vitakatika, na mara nyingi vitakatika gari likiwa linaondoka kwa kasi, pale pale asipotaka mtu. Magari mengi ya miaka ya 1960 yalitoka na breki za ngoma kwa magurudumu yote manne. Nayo sheria ya maumbile haina upendeleo: mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, kazi ya kulisimamisha gari huongezeka mara nne. Kwa hiyo fundi mwenye akili huanza bajeti yake kutoka chini: matairi, breki za diski, usukani, mkanda wa kiti, kisha difu na giaboksi, kisha ndani ya injini, na supachaja, ile ile inayoonekana na kila mtu, huja mwisho. Fedha zikimwishia njiani, atabakiwa na gari salama lisilo na mbwembwe. Aliyeanza na mbwembwe, fedha zikimwishia, atabakiwa na jeneza linalonguruma.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli tunaukumbuka utaratibu huu. Mwalimu hakumruhusu mtoto kuivuka herufi asiyoimudu, hata kama baba yake ana haraka ya kusikia mwanawe akisoma kwa sauti mbele za watu. Tulimwona mkali. Leo tunajua alikuwa anaacha nafasi ya kutanuka.

Tukisema haya hatujitoi sisi wenyewe katika lawama. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwamo katika kamati moja ya kikundi cha wavuvi, katika shehia ambayo hatuna haja ya kuitaja. Wanachama walikuwa wamejichangisha, na mkopo umepatikana, ili mashua yao iliyokuwa na mashine ya farasi 15 itiwe mashine mpya ya farasi 40. Siku ya kuipandisha, fundi mmoja mzee aliyeiunda mashua ile aliweka kiganja juu ya ubao wa nyuma, akagonga mara mbili tatu, akasema kwa taratibu: "Ndugu Katibu, mashine hii nzuri, lakini tezi hii ni ya farasi 15." Tukamjibu: "Mzee wangu, fungu la mbao halimo. Lililomo ni la mashine." Wageni wa makabidhiano walikuwa wamekwisha alikwa. Tukapiga makofi pamoja na wengine.

Haikutimu miezi miwili. Kusi ilipovuma, ubao wa tezi ukapasuka nje ya mwamba, mashine ikaenda chini na kipande cha mashua. Wavuvi walielea juu ya madumu mpaka walipookolewa na ndugu zao, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu hakufa mtu. Deni la mkopo lilibaki juu ya nchi kavu, likilipwa na watu wasiokuwa tena na chombo. Yule fundi hakutwambia "nilikwambieni". Alikuja siku ya tatu, akatuamkia kwa adabu tusiyoistahili, akauliza ni mbao ngapi tutanunua safari hii.

Ndiyo maana hatuwezi kukubaliana na wale wanaosema kwamba mambo ya magari ya Kimarekani ni anasa ya wenye nacho, hayatuhusu. Gari lenyewe kweli ni anasa. Linakula petroli kupita kiasi, na hatumshauri kijana wa visiwani auze shamba la baba yake kwa ajili ya mngurumo. Lakini nidhamu ya kulipanga si anasa. Ni nidhamu ile ile inayotakiwa kwa mashine ya boti, kwa jenereta, kwa pampu ya kisima, na kwa gari la abiria linaloongezwa viti bila ya kuongezwa breki. Kote huko swali ni moja: je, kila kinachofuata baada ya nguvu kimetayarishwa kuipokea?

Wala hatukubaliani na wale wanaotaka jambo hili litatuliwe kwa karipio na faini peke yake. Marekani ilikuwa na tatizo hilo hilo baada ya vita: vijana wenye magari yaliyoongezwa nguvu wakishindana katika barabara za watu. Mwaka 1951 ikaundwa huko California jumuiya ya mashindano ya magari ya mwendo mfupi, NHRA, chini ya Wally Parks, kwa nia ya kuwatoa vijana hao barabarani na kuwapeleka mahali penye njia iliyofungwa, kanuni na wakaguzi. Mashindano ya barabarani hayakwisha kabisa. Lakini mwenye hamu ya kweli ya ufundi alipata pahala pa kuionyesha, na hapo mlangoni alikuta mtu wa kumkagulia gari kabla hajaondoka. Sheria pia haikulala. Huko huko California, magari ya petroli ya mwaka 1975 na kabla yake yamesamehewa upimaji wa moshi wa kila baada ya miaka miwili, lakini yaliyofuata hayaruhusiwi kufungwa supachaja isipokuwa ile iliyopimwa na kupewa kibali cha serikali ya jimbo. Mwenye kupanga huiuliza sheria mapema, kama anavyoiuliza petroli.

Kutokana na hayo tunatoa rai zetu, na tunazitoa kwa uwazi.

Kwa vijana: msimwonee haya fundi anayewaambieni "bado". Andikeni mpango wenu katika daftari kabla ya kutoa hata shilingi moja. Andikeni kazi ya chombo, mafuta yanayopatikana, nguvu inayotakiwa, na mbele ya kila kifaa kiandikwe kile kitakachokipokea. Mkimaliza, gawanyeni fedha zenu, na fungu moja liachwe halina jina, kwa sababu hakuna kazi ya ufundi isiyokuwa na la ghafla. Na chombo kikisha kuundwa, kianzwe kwa nguvu ndogo, kipimwe, kifunguliwe plagi zake zisomwe, ndipo kiongezwe. Wamarekani wenye uzoefu huanza kwa puli inayoizungusha supachaja polepole, wala hawafungi ile ya kasi mpaka injini iwe imethibitisha.

Kwa mafundi wetu: kataeni. Mteja anayetaka nguvu bila ya breki ni mteja wa kukataliwa, hata kama ana fedha mkononi na jirani yako yuko tayari kuzipokea. Neno la fundi aliyekataa hukumbukwa muda mrefu kuliko kazi ya fundi aliyekubali.

Kwa wakubwa wa serikali: mafunzo ya amali yapewe vipimo kabla ya kupewa majengo mapya. Mwanafunzi asiyewahi kushika maikrometa hawezi kuuamini uwazi wa karatasi mbili. Ukaguzi wa magari nao uulize juu ya kilichobadilishwa. Gari lililotiwa injini kubwa kuliko ya asili likaguliwe breki na usukani wake upya, kama kwamba ni gari jipya. Ikiwa kuna uwanja wa zamani au kipande cha njia kisichotumika, ufikiriwe mpango wa siku maalumu, chini ya wakaguzi na gari la wagonjwa, ili hamu ya vijana ipate pa kupimwa pasipokuwa na watoto wanaovuka kwenda skuli. Na katika miradi yote, mashine isitiwe katika bajeti peke yake. Fungu la mashine na fungu la tezi yawe katika karatasi moja na yasainiwe siku moja, hata kama wageni wamekwisha alikwa.

Mzee yule aliyeiunda mashua ametangulia mbele ya haki. Kazi yake ingali inaelea katika vyombo vingine vya pwani yetu. Basi jioni ya leo, vijana watakapoizunguka tena simu yao na gari la Kimarekani likaanza kutoa moshi, tunaomba mmoja wao awaulize wenzake swali alilotuuliza fundi huyo kwa kiganja chake, nasi tusilisikie: tezi yake ni ya farasi wangapi?